Betri za alumini: kazi iko kwenye maji yake

Tangu niandike kwamba alumini inaweza kuja kushindana na lithiamu, wasomaji wa Unguja na Pemba wameniuliza mengi. Haya najibu leo.

Alumini imejaa hadi jikoni kwetu. Mbona betri yake haijafika madukani? (Fundi sola, Chake Chake)

Kwa sababu kinachosumbua si alumini, ni elektroliti, yale maji ya betri yanayopitisha chaji kati ya pande mbili. Alumini yenyewe ina sifa nzuri: atomu yake moja hutoa elektroni tatu pale lithiamu inapotoa moja. Lakini ikigusa hewa tu hujivika utando mgumu wa oksidi, na elektroliti nyingi hushindwa kuupenya.

Mwaka 2015 kundi la Hongjie Dai wa Chuo Kikuu cha Stanford lilichanganya kloridi ya alumini na chumvi ya imidazoli (kemikali yenye kaboni na nitrojeni), ikapatikana elektroliti ya majimaji isiyohitaji joto. Betri yao ilijaa kwa dakika moja hivi na kustahimili kuchajiwa zaidi ya mara 7,500. Ila chumvi ile ni ghali, na liko jambo zito zaidi: grafiti (kaboni kama ya penseli) ya upande wa pili haipokei alumini tupu, hupokea ioni, yaani chembe zenye chaji, za alumini na klorini zinazotoka kwenye elektroliti yenyewe. Ukichaji, ioni zile hupungua, ukitumia, hurudi. Kwa hiyo lazima elektroliti iwekwe nyingi, na uzito wake ndio unaoifanya kila kilo ya betri hii ibebe umeme mdogo kuliko ya lithiamu. Hapa ndipo ningependa watafiti wakazane, kuliko kushindania kasi ya kuchaji.

Tumezungukwa na maji ya chumvi. Kwa nini yasitumike hayo? (Mvuvi wa dagaa, Mkoani)

Ukichaji, maji huvunjika na kutoa hidrojeni kabla alumini haijarudi kwenye bati lake. Bahari nayo hula utando ule ikaacha vishimo, kama unavyoviona kwenye mashine ya boti. Maji ya bahari yanafaa kwa betri ya alumini na hewa, ambayo haichajiwi: bati likiisha unaweka jipya. Kwa taa ya dharura inatosha.

Ni kweli wanatumia urea, ile ya mbolea? (Mwalimu wa skuli, Wete)

Kweli. Mwaka 2017 kundi lile la Stanford lilichanganya urea na kloridi ya alumini, ikapatikana elektroliti ya bei nafuu iliyorudisha takriban asilimia 99.7 ya chaji. Ni nzito zaidi kumiminika, hivyo chaji huenda polepole. Urea yao lakini ni safi na kavu kabisa. Angalia mfuko wako wa mbolea wakati wa masika: ukiachwa wazi, chembe hulowa na kugandamana. Unyevu huo ukikutana na kloridi ya alumini hutoa gesi ya asidi inayounguza macho na mapafu. Tafadhali, wanafunzi wasijaribu darasani.

Nataka kufunga sola dukani. Nisubiri? (Mfanyabiashara, Darajani)

Usisubiri. Nunua betri ya lithiamu ya fosfeti ya chuma (LiFePO4). Lakini fuatilia elektroliti ngumu, isiyo ya majimaji: mwishoni mwa 2024 watafiti wa China walitoa moja yenye floridi ya alumini, betri ikachajiwa mara 10,000 na kupoteza chini ya asilimia 1 ya uwezo wake. Wanasema inahimili pia joto na unyevu, na ikithibitika hivyo kwenye hali ya pwani yetu, nitawaandikia hapa.