Shore hana jicho

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni mwalimu, nakaa Chumbageni, Tanga. Kila asubuhi kabla sijaenda kazini shore wanakuja kudonoa papai uani kwetu, nami nawapiga picha nikiwa mlangoni jikoni, umbali wa mita nane hivi, kwa lenzi ya milimita 55–250. Nataka picha moja ya kutundika sebuleni, iwe na usanii. Lakini kichwa kinatoka cheusi tii, jicho halipo, na nyuma bati la jirani linang'aa. Mpapai uko mashariki ya nyumba. Ninunue lenzi ya 600?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Pesa yako iweke kwanza. Umesema mpapai uko mashariki nawe unapiga asubuhi, basi jibu umeshalitoa mwenyewe: jua liko nyuma ya ndege, linakutazama wewe. Hata lenzi ya bei ya pikipiki itakupa kichwa kilekile, kikubwa zaidi tu.

Shore anawasumbua wengi kwa sababu ya rangi zake. Kichwa kinakaribia weusi, jicho nalo ni la hudhurungi iliyokolea, halafu tumbo ni jeupe na chini ya mkia pana manjano kama bizari. Jicho jeusi ndani ya kichwa cheusi haliwezi kuonekana mpaka lipate kile kinukta cheupe cha mwanga. Kinukta hicho ndicho unachokitafuta, mengine yote ni mapambo. Na kamera inazidi kukuharibia: inapoona bati na anga vimejaa mwanga, inadhani picha nzima imezidi, inaipunguza, na kichwa kinazama.

Njia nyepesi ni kusubiri jioni, kuanzia saa kumi na nusu, jua likiwa mgongoni kwako. Ila saa hizo upepo wa bahari huwa umeamka, majani ya mpapai hayatulii. Kwa hiyo mimi ningebaki na asubuhi yako, nikaipanga upya.

Kwanza, usimpige akiwa juu ya papai. Simika tawi kavu, mwarobaini unafaa, mita tatu au nne kutoka mlangoni, na nyuma yake pachika kipande cha papai lililoiva mahali ambapo kamera haikioni. Mara nyingi shore hatui moja kwa moja kwenye chakula. Hutua pembeni, akageuza kichwa huku na huku, ndipo akashuka. Picha yako iko katika sekunde mbili hizo.

Pili, tafuta kaniki. Itundike mita tatu nyuma ya tawi, upande wa mashariki, ifunike bati. Upande unaokutazama utakuwa kivulini, kwa hiyo kwenye picha itakuwa giza safi lisilo na mkunjo, na jua likipita juu yake litamchora ndege ukingo wa mwanga mgongoni. Isiwe ndefu kwenda juu ikalizuia jua. Tatu, shuka jeupe kwenye kamba ya nguo, upande wako, mita moja na nusu kutoka kwenye tawi, pembeni kidogo ya njia ya lenzi. Jua la asubuhi litalipiga, nalo litamrudishia ndege mwanga usoni. Kinukta cha jicho kitatoka humo.

Fungia mawe kwenye pindo la shuka. Mimi nilipuuza: upepo mmoja tu ukalipuliza, shore wakahama uwanja siku mbili, na shuka lenyewe, la harusi ya mke wangu, likarudi ndani na madoa ya papai. Yaliyofuata sitayaandika. Viache vitambaa hapo siku tatu nne kabla ya kushika kamera, ndege wavizoee.

Sasa ukishaweka kaniki, hesabu ya kamera inageuka. Inaona giza, inaongeza mwanga, na tumbo jeupe linaungua. Punguza theluthi mbili za stopu (stopu ni kipimo cha mwanga; kuongeza moja ni kuuzidisha mara mbili, kupunguza moja ni kubakiza nusu). Siku utakayompiga akiwa na anga nyuma, fanya kinyume: ongeza stopu moja hadi moja na nusu. Shata, yaani kasi ya kamera kufunga mwanga, isishuke chini ya 1/500 ya sekunde, maana hata akitulia kichwa hakitulii. Ukiwa mita tatu kwa milimita 250 na tundu la lenzi la f/5.6, sehemu inayotoka kali ina unene wa sentimita tatu tu, ndege hatoshi humo. Kwa hiyo tumia nukta moja ya fokasi na uiweke juu ya jicho. Piga RAW, yaani faili ghafi la kamera, baadaye unaweza kuinua kivuli cha kichwa kidogo. Kidogo, mwalimu. Ukizidisha anakuwa kama amepakwa majivu.

Wahi pia. Huku kwetu jua hupanda karibu wima, na ikifika saa tatu mwanga umeshakuwa mkali na mchezo umekwisha.

Kama jirani hana kaniki na shuka umenyimwa, ukubali weusi: mngoje akae ubavu, shungi na mdomo vionekane, punguza stopu mbili, upate kivuli chake dhidi ya anga la alfajiri. Nina moja ya namna hiyo, na wageni huisifu kuliko zote. Ila vijana wakikuambia watakukamatia kwa ulimbo umpige kwa raha, wafukuze. Na akiwa kwenye kiota, mwache.

Kuhusu ukuta: kamera ya megapikseli 24 hutoa upana wa pikseli 6000, yaani sentimita 50 kwa uchapaji mzuri. Ukimpiga kutoka mita nane kisha ukamkata abaki yeye tu, unabaki na picha ya kuweka juu ya redio.