Shangazi Anajibu: Vitumbua vya mzee

SWALI: Shikamoo shangazi. Nauza vitumbua Ngamiani, Tanga. Kila asubuhi nampa mzee wa mkokoteni viwili bure, na moyo wangu hufurahi mno. Mume wangu anasema nakula mtaji. Niache?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiache! Vihesabu tangu unaporoweka mchele usiku, viwe nje ya mauzo, na mumeo umwambie hivyo hivyo. Mimi msimu wa machungwa ya Muheza huweka beseni barazani, watoto wa madrasa wakipita wachukue. Ukimwona mmoja anavyoficha la pili ndani ya kanzu ampelekee mamake, raha yake haina kifani. Ila mzee mpe vya moto, kwenye karatasi safi kama mteja yeyote. Na muulize kama sukari hajakatazwa.