Jibu: Mpelelezi Briscoe aliwahi kuwa mwimbaji?

Mkuu, umeuliza kama ni kweli yule mpelelezi mzee wa tamthilia ya polisi ya televisheni, Law & Order, Lennie Briscoe, alikuwa mwimbaji. Kweli kabisa, tena jukwaa la muziki ndilo lililomtoa. Mwigizaji wake, Jerry Orbach, alizaliwa Bronx mwaka 1935, na kufikia 1960 alikuwa mhusika El Gallo kwenye mchezo wa muziki The Fantasticks, ukumbi mdogo tu wa New York. Tuzo ya Tony, ile ya michezo ya jukwaani, akaibeba 1969 kwa Promises, Promises. Mwaka 1975 akawa wakili Billy Flynn katika Chicago, ile ya kwanza kabisa kwenye kumbi kubwa za Broadway, kisha 1980 akaingia mchezo wa 42nd Street. Anaanza kuvaa koti la Briscoe 1992, mtu ana miaka 57 tayari!

Ukibisha, tafuta katuni ya Disney ya 1991, Beauty and the Beast. Kile kinara cha mishumaa chenye lafudhi ya Kifaransa, kinachomkaribisha binti mezani kwa wimbo? Sauti yake hiyo. Nilipojua nilirudia kipande kile mara tatu, nikimtafuta Briscoe humo ndani. Simpati.

Alifariki Desemba 2004 kwa saratani ya tezi dume, na macho yake akayaacha wapewe wengine.