Re: Itikafu lazima siku kumi? Na humo unafanya nini muda wote?

Waalaykum salaam ndugu yangu. Itikafu, yaani kukaa msikitini kwa nia ya ibada, kumi la mwisho ndiyo sunna yenyewe (mwenendo wa Mtume), unaingia kabla jua halijazama siku ya 20 ya Ramadhani, lakini wewe umesema uko kazini mpaka jioni, sasa usiache kabisa kisa huna likizo. Kwa madhehebu ya Shafii ambayo wengi wetu huku pwani tuko nayo, hata muda mfupi unaswihi, yaani unakubalika, unanuia tu unapoingia msikitini. Ukitoka kwenda kazini basi ukirudi unanuia upya.

Hilo la pili, la unafanya nini humo, ndo la muhimu zaidi mi naona. Watu wanajaza muda kwa juzuu (sehemu za Kurani), kukimbizana na hitma, yaani kuimaliza Kurani nzima, halafu hawajakaa kimya hata kidogo. Soma sura ya Aal Imran kwenye Kurani, aya ya 191, wanaomkumbuka Mungu wamesimama, wamekaa na wamelala, wanatafakari uumbaji wa mbingu na ardhi. Kwa hiyo baada ya tarawehe, ile sala ya usiku ya Ramadhani, watu wakishapungua, tafuta kona, egemea nguzo, chukua aya moja tu usome polepole urudie urudie mpaka ikuguse, kisha funga msahafu ukae nayo. Mawazo ya kodi na ada za watoto yatakuja tu, usigombane nayo, vuta istighfari (kumuomba Mungu msamaha) urudi kwenye aya yako.

Simu zima kabisa, sio sailensi, maana sailensi utaichungulia tu. Beba shuka, mswaki, na daku uliyoandaa mapema.