Sheli ya root kwenye FreeBSD: iache ilivyo

Ndugu, kama unafikiria kubadilisha sheli (programu inayopokea amri unazoandika) ya root, akaunti ya msimamizi mkuu kwenye mfumo endeshi wa FreeBSD, usiihamishe kwenda sheli ya bash. Iache kwenye /bin/sh, ambayo ndiyo root hupewa tangu FreeBSD 14.0 ya 2023. Kabla ya hapo ilikuwa sheli nyingine, csh.

Sababu ni mahali bash inapokaa. Kwenye FreeBSD si sehemu ya mfumo wenyewe, ni kifurushi unachokiweka baadaye, nayo huishia /usr/local/bin/bash na hutegemea maktaba (faili za msimbo ambazo programu huzihitaji ili zifunguke) zilizo /usr/local/lib. Sasa chukua seva iliyo Mombasa Road, uko katikati ya kusasisha vifurushi, stima ipotee. Maktaba moja ikikosekana, bash haifunguki, na root hawezi kuingia hata ukiandika nywila sahihi. Ndiyo saa hasa unayomhitaji root! Mimi hutunza mashine hizi kazini, na hilo ndilo jambo ninalomsisitizia kila kijana anayeanza.

Ukitaka bash, ingia kwanza kama root kisha andika bash tu. Au tumia toor, akaunti inayokuja na FreeBSD yenye UID (namba ya mtumiaji) 0 kama root, yaani ina mamlaka yale yale: mwekee nywila kwa amri passwd toor, halafu mpe bash kwa chsh -s /usr/local/bin/bash toor. Root anabaki salama pembeni.

Kwenye mifumo ya Linux ya Debian na Ubuntu usijisumbue, huko bash ni sehemu ya mfumo na root tayari anaitumia. Lakini sheli nyingine kama zsh au fish, hata huko, ziwekee akaunti yako ya kawaida.