Muulize Shangazi: Namba nyekundu za mwenye trela wa zamani

SWALI: Shangazi, shikamoo. Mimi na mume wangu tumenunua trela ya Airstream iliyotumika, zile za kulala safarini, hapa Ohio, tukajiunga na klabu ya wenye trela hizi. Mbele na nyuma ina namba nyekundu za mwenyewe wa zamani, na mlangoni kuna ramani ya Marekani yenye stika za majimbo 22. Wanaklabu wanasema tubandue vyote. Mume wangu anasema tutakuwa tumefuta historia ya watu. Halafu jirani wa kambini katuletea heroe wawili wa plastiki, wa rangi ya waridi, tuwasimamishe nje. Tufanyeje? — Mama Zuhura

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwenye namba, wanaklabu wana haki. Klabu hiyo ilianzishwa mwaka 1955 huko Kentville, Nova Scotia, na wasafiri waliofuatana na Wally Byam, mwasisi wa Airstream, yule aliyeongoza msafara wa trela kutoka Cape Town hadi Cairo mwaka 1959 hadi 1960. Namba 1 ilikuwa yake mwenyewe. Kila mwanachama hupewa yake, na klabu ilikuwa ikichapa kitabu cha majina: ukipishana na trela njiani, unafungua kitabu, unajua ni nani na kwao wapi. Mkiiacha namba ya mtu, mtaitwa kwa jina lisilo lenu.

Ipasheni moto kwa mashine ya kukaushia nywele, pole pole, muinue pembe kwa ukucha. Kisu hapana! Chini yake huenda mkaona umbo la namba limebaki, kwa kuwa jua halikufika pale. Msilisugue kwa nguvu, mtachubua tabaka la juu. Kwenye trela yangu umbo hilo huonekana mpaka leo, asubuhi jua likipiga kwa upande, nami nalipenda.

Ramani ni jambo jingine. Wengi wetu tunashika kanuni kwamba hubandiki jimbo usilolala. Kusimama kutia mafuta hakuhesabiwi. Kwa hiyo mlango wenu unataja safari za watu wengine, na mgeni atawauliza habari za Montana msiyoijua. Lakini kabla ya kubandua, mtafuteni aliyewauzia.

Mimi nilifanya hivyo na trela yangu ya kwanza. Stika ya Kansas ilikuwa imebandikwa kombo, nikataka kuinyoosha. Nikapiga picha nikamtumia mzee aliyeniuzia. Akanijibu kwamba marehemu mkewe aliibandika gizani, usiku wa mvua ya mawe, wakiwa wamejifungia ndani wanasubiri itulie. Nililia. Picha ile nimeibandika ndani ya kabati la vikombe, na kila nikichukua kikombe naiona. Mlangoni ikakaa ramani yangu, tupu.

Heroe wapokeeni. Walibuniwa na Don Featherstone mwaka 1957 kwa ajili ya bustani za nyumbani, wenye trela wakawapenda wakawahamishia kambini. Jirani akikuletea, anakukaribisha. Wachomekeni karibu na ngazi, na upepo ukianza wawekeni ndani.

Ramani mpya mkishaibandika, anzeni na Ohio, lakini mlale kwanza. Hata kama trela iko uani kwenu, kwangu mimi usiku huo unahesabiwa.