Unaosha pua kwa sababu ya sainasi? Chemsha maji kwanza

Kiangazi kikianza hapa Dodoma na upepo ukaanza kuinua vumbi, watu wa sainasi tunajuana. Paji la uso linagonga, mashavu yanakuwa mazito ukiinama kufunga kamba za viatu, kamasi zito linateremka kooni usiku kucha, na asubuhi sauti imeshakauka kabla hujaingia darasani. Mimi ni mwalimu, na vumbi la chaki halinisaidii. Daktari wa masikio, pua na koo ndiye aliyenielekeza kuosha pua kwa maji ya chumvi, na mpaka leo sijapata kitu kingine cha bei ndogo kinachonipa nafuu kiasi hicho.

Siku hizi video za kuosha pua zinazunguka kila kundi la WhatsApp. Mtu anachota maji bombani, anatia chumvi kwa kukadiria, anamimina puani, basi. Video hizo zinanitia hofu. Kuosha pua kunasaidia kweli, lakini kwa maji yasiyo salama kunaweza kukuua, na hili la pili wanaotengeneza video hawalisemi.

Sainasi ni vyumba vya hewa vilivyomo ndani ya mifupa ya uso: kwenye paji, kwenye mashavu, katikati ya macho na nyuma kabisa ya pua. Vyote vinatoa ute wake puani kupitia vitundu vyembamba. Ndani ya pua kuna vinyweleo vidogo mno vinavyousukuma ute huo kuelekea kooni, kama wapiga kasia waendao pamoja. Mafua au mzio ukivimbisha ngozi ya ndani, vitundu vinaziba, ute unaganda na kazi ya vinyweleo inasimama. Maji ya chumvi yanalainisha ute huo na kuuondoa pamoja na vumbi, chavua na vitu vingine vinavyochochea mzio. Mwongozo wa madaktari wa Ulaya wa mwaka 2020 kuhusu maradhi haya unapendekeza kuosha pua kwa wenye sainasi sugu, yaani iliyodumu wiki 12 au zaidi. Mapitio ya mwaka 2016 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, nayo yaliona faida kwa wanaoosha kwa maji mengi, ingawa yalisema wazi kwamba tafiti zenyewe bado ni chache na si imara. Kwa hiyo usitarajie muujiza. Mimi napumua vizuri na nalala. Mzio wangu uko palepale.

Sasa maji. Kuna kijidudu kinaitwa Naegleria fowleri. Ni amiba, lakini si ile ya tumbo tuliyoizoea. Huishi kwenye maji yasiyo ya chumvi, hasa yakiwa ya uvuguvugu: maziwa, mito, chemchemi za moto, na mara nyingine mabomba na matangi yasiyotiwa klorini ya kutosha. Ukiyanywa maji yenye kijidudu hicho hupati ugonjwa. Yakipanda juu kabisa puani, kijidudu hufuata mshipa wa fahamu wa kunusa, hupenya kwenye mfupa mwembamba na kuingia kwenye ubongo. Karibu wote wanaopata ugonjwa huo hufariki. Mwaka 2011, katika jimbo la Louisiana nchini Marekani, watu wawili walikufa hivyo, na wote walikuwa wakiosha pua kwa maji ya bomba la nyumbani. Karachi, Pakistan, vifo vya namna hii vimekuwa vikijirudia kwa miaka, hata kwa watu ambao hawakuogelea popote.

Ugonjwa huu ni nadra sana, sitaki mtu akose usingizi. Lakini tazama maji yetu yalivyo. Yanatoka bombani siku zinazotoka, yanajazwa kwenye simtank jeusi linalopigwa na jua mchana kutwa, kisha yanakaa kwenye ndoo na madumu. Kwa kufua na kuoga hayana neno. Puani yasiingie hivyo.

Chemsha. Maji yakishatokota sawasawa, yaache yaendelee kutokota dakika 1 nzima. Mlioko nyanda za juu, kuanzia kama mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, mfano Nyahururu kule Kenya, yaacheni dakika 3, kwa sababu huko maji hutokota kabla hayajapata moto wa kutosha. Funika sufuria, acha yapoe yenyewe mpaka yawe vuguvugu. Dondosha tone kwenye kifundo cha mkono, lisikuchome wala lisikushtue kwa ubaridi. Usiyapoze kwa kuongeza maji ya bomba, maana hapo umerudi ulikotoka. Maji ya chupa ya kunywa nayo yachemshe, kwa kuwa yametengenezwa kwa ajili ya tumbo. Na nakuomba sana: ukiambiwa utafute maji yaliyotoneshwa, yaani yaliyogeuzwa mvuke kisha yakapozwa yakawa maji tena, usiende kituo cha mafuta kununua maji ya betri. Baadhi ya chupa zinazouzwa kwa jina hilo zina tindikali.

Chumvi ni gramu 9 kwa lita moja. Kijiko cha chai kilichosawazishwa kwa kisu hubeba kama gramu 6 za chumvi laini, kwa hiyo weka kijiko kimoja na nusu. Ukiweka kidogo mno, maji yanachoma puani kama yale yanayokuingia ukizama ziwani. Ukizidisha, yanachoma vilevile na kukausha. Chumvi yetu ya dukani ina madini joto, na wengine huwasumbua, ndiyo maana madaktari hupendelea isiyo nayo. Ukiona inakuchoma, ongeza nusu kijiko cha bekingi soda kwenye hiyo lita. Bekingi soda, si bekingi pauda, na kamwe si magadi: magadi ni makali zaidi, na yale ya watengeneza sabuni yanaunguza ngozi.

Njia rahisi kuliko zote, ninayoitumia nikiwa na haraka, ni kununua duka la dawa chupa ya dripu ya maji ya chumvi, ile iliyoandikwa asilimia 0.9, pamoja na bomba la sindano la mililita 20 lisilo na sindano. Maji hayo tayari hayana vijidudu na chumvi yake imepimwa. Angalia vizuri maandishi, usipewe dripu ya sukari. Ukishaifungua, usiiweke zaidi ya siku moja.

Namna ya kuosha ni hii. Nawa mikono. Inama mbele ya sinki au beseni, geuza kichwa upande ili tundu moja liwe juu ya jingine, fungua mdomo na upumue kwa mdomo muda wote. Ingiza ncha ya bomba kidogo tu kwenye tundu la juu, ielekeze nyuma kuelekea usawa wa sikio, si juu kuelekea paji, kisha sukuma polepole. Maji yatazunguka na kutokea tundu la pili; yakishuka kooni, yateme. Mwanzoni utahisi kama unapaliwa. Ukipumua kwa mdomo bila kuongea wala kumeza, hali hiyo hupita. Rudia upande mwingine. Kisha penga taratibu, matundu yote mawili yakiwa wazi. Usibane pua ukapenga kwa nguvu, kwani shinikizo hilo hupeleka maji masikioni, na hapo ndipo wengi hupata maumivu ya sikio wakasema chumvi imewadhuru. Kama umeandikiwa dawa ya kupuliza puani, osha kwanza, subiri kidogo, ndipo upulize.

Maji kiasi hubaki ndani na huweza kumwagika ghafla baadaye, hasa ukiinama. Sisi tunaosali hutudondoka kwenye sijda. Kwa sababu hiyo mimi huosha saa moja au zaidi kabla ya kulala au kabla ya kutoka. Na kwenye udhu, kwa mwenye wasiwasi na maji ya tangi lake, ni jambo jema kutenga birika dogo la maji yaliyochemshwa kwa ajili ya kupandisha puani. Mwezi wa Ramadhani, osha baada ya kufuturu.

Bomba au chupa iwe ya mtu mmoja. Suuza kwa maji yaliyochemshwa, ianike ikauke kabisa, na ibadilishe mara kwa mara. Ukipata nafuu punguza: mara moja au mbili kwa siku wakati umebanwa inatosha, na sioni haja ya kuendelea kila siku mwaka mzima kwa mtu ambaye pua yake imetulia.

Wapo wasiofaa kuosha bila kumuuliza daktari: anayetokwa damu puani mara kwa mara, mwenye maumivu au usaha sikioni, aliyefanyiwa upasuaji wa pua au uso, mwenye kinga dhaifu, na watoto wadogo. Pua ikiwa imeziba kabisa pande zote, usilazimishe. Na wanaotia puani maji ya kitunguu saumu, ndimu au mafuta ya karafuu, jamani, acheni. Ngozi ile ni laini mno, inaungua. Matone ya kuzibua pua nayo yasizidi siku 3 hadi 5, kwani ukiyazoea pua huziba kuliko mwanzo.

Nawasihi pia msikimbilie vidonge vya antibayotiki. Mafua mengi yenye maumivu ya uso husababishwa na virusi na huanza kupungua ndani ya siku 10. Nenda hospitali yakipita hapo bila nafuu, au yakipoa kisha yakarudi kwa nguvu. Kamasi lenye harufu mbaya upande mmoja tu linahitaji kuangaliwa: kwa mtoto mara nyingi ni punje ya harage au shanga iliyokwama, kwa mtu mzima huenda ni jino bovu la juu au uvimbe. Jicho likivimba, ukiona vitu viwili viwili, kichwa kikiuma kupita kiasi kwa homa na shingo kukakamaa, au mtu akianza kuchanganyikiwa, usingoje asubuhi. Na ukifika mapokezi, kama umewahi kuosha pua siku za karibuni, mwambie daktari hilo mapema na umtajie maji uliyotumia, maana bila kuambiwa si rahisi aifikirie ile amiba.